Si kila maumivu ya chembe cha moyo ni vidonda vya tumbo

Hapa Mwanza mtu akisema chembe cha moyo kinamuuma, jibu analo kila jirani: gesi hiyo, au vidonda. Duka la dawa atapewa dawa ya kupunguza asidi, nyumbani ataambiwa anywe maziwa alale. Mara nyingine ni vidonda kweli. Lakini aliyevuka miaka 40, au mwenye presha, kisukari au sigara, nakataa kabisa apewe jibu hilo kabla moyo wake haujapimwa.

Mshtuko wa moyo si lazima umwangushe mtu papo hapo. Mshipa unaoulisha moyo huziba, kwa kawaida kwa bonge la damu, na nyama ya moyo inaanza kufa kwa kukosa oksijeni. Mgonjwa anasikia kifua kinabanwa, kama kimelaliwa na gunia. Maumivu yanaweza kupanda shingoni na kwenye taya, kushuka mkononi, hasa wa kushoto, au kutokea mgongoni. Kijasho chembamba cha baridi, kichefuchefu, pumzi kukata. Na kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, kifua kinaweza kisiume kabisa: mtu anahema, anatapika, anaishiwa nguvu ghafla. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba akiwa hivyo tunasema ni jua. Hilo linaniuma sana, maana huyo ndiye anayefikishwa hospitali amechelewa.

Dawa za kuyeyusha bonge la damu hufaa zaidi saa za mwanzo. Zikipita saa 12 tangu maumivu yaanze, faida yake hupungua mno. Wa Igoma hayuko mbali na hospitali ya Bugando wala ya Sekou Toure. Wa Sengerema, tangu 2025 anapita daraja la Kigongo–Busisi, hangoji tena kivuko. Wa kisiwa cha Ukara bado ana maji mbele yake, kwa hiyo yeye ndiye asiyepaswa kusema "tuone asubuhi".

Mkishuku ni mshtuko wa moyo, mgonjwa apewe aspirini ya miligramu 300, itafunwe, isimezwe nzima. Asipewe mwenye mzio nayo, anayetapika damu au anayepata choo cheusi. Asiende kwa bodaboda kama gari linapatikana.

Mkifika, semeni wazi: tunaomba ECG. Ni kipimo cha umeme wa moyo, cha dakika chache, hakina sindano. Kikitoka safi na maumivu yanaendelea, ombeni kirudiwe, hata kama mtaonekana wasumbufu.