Farasi wa Mombasa kwenye Karatasi ya Nairobi

Jumapili iliyopita tulikuwa tumeketi tukingoja nyama, boneti ziko wazi kama kawaida yetu, kijana mmoja mwenye Subaru Impreza ya buluu akachomoa karatasi ya daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, iliyokunjwa mara nne. Akaitandaza mezani, akaiwekea chupa ya pilipili isipeperuke. Nguvu ya farasi 412. Akaniangalia. "Yako si ilitoa 263, mzee?"

Mzee. Nina miaka 38.

Nilinyamaza kwa sababu nyama ilikuwa imefika, na mbele ya nyama hakuna anayetaka hesabu. Lakini donge limenikaa kooni wiki nzima, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Ile 263 yangu ni nguvu iliyofika kwenye magurudumu, imesomwa kwenye daino yenye breki, ile inayolikaba gari na kulilazimisha livute mzigo. Nilimwomba fundi anichapie namba mbichi, bila marekebisho yoyote. 412 yake ilitoka kwenye daino ya ngoma, ambayo inapima tu gari linachukua muda gani kuizungusha ngoma nzito, na baada ya hapo yule wa kwenye kompyuta akaweka viungo. Nimeiona karatasi yenyewe, kijana aliiacha mezani alipoenda kunawa mikono. Pale chini, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, imeandikwa: nyongeza ya hasara ya giaboksi na difu (nguvu inayopotea njiani kabla ya kufika magurudumu) asilimia 30, marekebisho ya hali ya hewa, zidisha kwa 1.24.

Haya, chukua kalamu. 412 ukiigawa kwa 1.3 unabaki na 317. Ukiigawa tena kwa 1.24 unabaki na karibu 256.

256! Na mimi ndiye mzee wa 263.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi gari langu lina nguvu kuliko lake. Siwezi kusema hivyo, na huo ndio ubishi wangu wote. Mashine mbili, siku mbili, mafundi wawili: hakuna mtu anayeweza kusema lolote kwa kuweka karatasi mbili kando kwa kando.

Hiyo asilimia 30 nitaipitia haraka. Ilitoka wapi? "Subaru inavuta magurudumu manne, kila mtu anajua." Kila mtu ndiye nani? Hasara ya giaboksi haipimwi kwa kukisia, na wala haikui sawasawa na nguvu. Kama gari likitoka kiwandani lilikuwa linamezewa farasi 50 njiani, ukiliongezea nguvu maradufu haina maana kwamba sasa linamezewa 100. Sehemu ya hasara inategemea kasi ya mzunguko na uzito wa oili, si ukubwa wa tabo yako, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Lakini asilimia haina huruma: kadiri unavyotuni, yaani kuiongezea injini nguvu, ndivyo unavyozawadiwa farasi wengine ambao hakuna mashine iliyowaona.

Nikisema ukweli, kinachonitoa jasho ni ile 1.24.

Nairobi tuko juu, mita 1,700 na ushei. Pwani shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 101, huku kwetu ni 82 au 83. Hewa chache, oksijeni chache, mlipuko mdogo. Mjomba wangu ana Probox ya 1500, haina tabo wala jambo, na kila anaposhuka Mombasa hunipigia simu akishapita Voi kuniambia injini "imeamka". Anadhani ni mafuta ya barabarani. Nilishamweleza mara tatu kuwa ni hewa, akaniambia mimi nasoma sana.

Watu wa daino wanalijua hili, ndiyo maana kuna fomula. Ile ya Wamarekani inayoitwa SAE J1349 inachukua namba uliyopata na kuibadilisha iwe kana kwamba ulipima penye nyuzi 25 na kilopaskali 99 za hewa kavu. Kuna nyingine ya zamani, STD, ambayo inajifanya kuna baridi ya nyuzi 15.5 na shinikizo la usawa wa bahari, na kwa gari lile lile itakupa kama asilimia 4 zaidi. Nadhani unaweza kukisia ni ipi inayopendwa na watu wenye chupa za pilipili.

Lakini ukisoma J1349 yenyewe, walioiandika waliweka mpaka: marekebisho yasizidi asilimia 7. Ni fomula ya kusawazisha siku ya joto na siku ya baridi. Haikutengenezwa ili kuishusha Nairobi mpaka ufukwe wa Nyali. Sisi tunaipa kazi mara tatu ya uwezo wake, halafu tunachapisha majibu yenye nukta moja ya desimali ili yaonekane ya kisayansi.

Na hilo ni kwa gari kama Probox ya mjomba. Kwenye gari la tabo uongo ni mkubwa zaidi, kwa sababu fomula ile inahesabu kana kwamba nguvu inapanda na kushuka sambamba na hewa ya nje. Tabo haikai ikasubiri hewa, inaikamata na kuisukuma. Tuseme tabo yako inasukuma bar 1 kwenye geji, yaani kilopaskali 100. Mombasa, ukijumlisha na hewa ya mahali, injini inapata kama bar 2.01. Nairobi inapata 1.83. Umepoteza asilimia 9. Na kama kompyuta ya gari imepangiwa kufidia mwinuko, tabo itazunguka kwa kasi zaidi na hasara itapungua tena, japo hewa itatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo umepoteza 9 au chini ya hapo, na karatasi inakurudishia 24. Hii nayo mnaiita marekebisho?

Halafu twende mbali kidogo. Hata kama fomula ingekuwa sahihi kabisa, hao farasi wangekuwa wa Mombasa. Wewe unaendesha Nairobi. Jumamosi unapanda Limuru, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya mjini. Farasi waliobaki Mombasa wanaogelea, hawakusaidii chochote pale lori la majani chai linapokuzibia njia.

Mwaka jana nililipima gari langu kwenye daino mbili za hapa mjini ndani ya wiki moja, bila kugusa hata nati. Ya kwanza ndiyo hiyo 263. Kwenye ya pili, gari likiwa bado limefungwa mikanda na feni inanguruma, fundi aligeukia skrini, akafungua orodha ya marekebisho, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Bosi, nikutolee ipi?" Kama mtu anayeuliza chapati au wali. Nikamwambia nitolee mbichi. Akatoa 298, akanisikitikia waziwazi, akasema wateja wengine huchukua ile inayozidi 360.

Ona, farasi 35 tofauti, na hizo ni namba mbichi zote mbili. Nani mwongo? Hakuna. Moja inalikaba gari, nyingine inaliacha likimbie na ngoma. Mikanda ilikazwa tofauti, tairi zilikuwa na upepo tofauti, feni ya pili ilikuwa kubwa na intakula ya Subaru, kile kipoza hewa ya tabo, imekaa juu ya injini ikiokwa. Wa kwanza alipimia gia ya nne, wa pili sikumbuki. Sijagusia wale wanaosogeza kipima joto karibu na rejeta ili kompyuta idhani chumba ni tanuri na iongeze fadhila. Sijagusia pia farasi anayetumiwa na Wajapani, PS, aliye mdogo kidogo kuliko farasi wa Kiingereza, ambaye naye huchapishwa kwa jina la kaka yake.

Tena si kwamba viwanda ni watakatifu. Hawa Wajapani tunaowaabudu walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kutoandika zaidi ya PS 280, na mpaka 2004 karibu kila gari lao kali lilikuwa 280, lile lenye 280 na lile lenye mengi zaidi. Kwa hiyo hata namba unayoanzia nayo kabla hujatuni si ya kuapia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba daino imewahi kuwatetea wanyonge. Mwaka 1999 Ford ilitangaza Mustang Cobra ya farasi 320, wanunuzi wakaipeleka kwenye daino, wakaona hesabu haifiki. Ford ikasitisha mauzo na kuyaita magari yarudi kurekebishwa. Sawa. Lakini pale watu wengi walipima magari mengi ya aina moja na yote yakapungua, hawakupeperusha karatasi moja mbele ya kuku choma. Nakubali pia kwamba mimi mwenyewe sitatuni bila daino. Kuona mchanganyiko wa mafuta na hewa ukiwa umefungwa mahali pamoja ni salama kuliko kuubahatisha kwenye barabara ya Thika saa nane usiku. Pima kabla, badilisha eksozi, pima baada, mashine ile ile, fundi yule yule, ikiwezekana asubuhi ile ile. Ukiongeza 20, hizo 20 ni zako, tembea nazo.

Nilimwandikia yule kijana Jumatatu. Nikamwambia tuyapeleke yote mawili kwenye daino moja siku moja, achague yeye, mimi nitalipa. Alijibu haraka: wazo zuri mzee, ila klachi inateleza kidogo, nipe wiki mbili.

Hiyo klachi, Jumapili, haikuwa na tatizo.