Papa wa Ghorofa ya Tatu

Fomu ya malazi ilinijia mwezi wa Mei, nipo zangu Unguja nasubiri viza. Chuo, kimoja huko Ohio, kiliuliza: unataka bweni la kawaida, au jumuiya ya kuishi na kusoma pamoja? Maana yake, wa mwaka wa kwanza mnapangwa ghorofa moja, mnahudhuria somo moja, na mwalimu anakuja kula nanyi. Kulikuwa na ya wahandisi, ya mazingira, ya muziki na ya lugha. Nikasema hapo hapo, Kiingereza changu kitanyooka. Nikatia tiki kwenye lugha.

Agosti nafika ghorofa ya tatu, mlangoni pameandikwa "Bienvenidos".

Lugha yenyewe Kihispania! Na sheria ya ghorofa: ikishagonga saa kumi na mbili jioni, Kiingereza marufuku. Wakaniokoa Wareno. Mreno alitimuliwa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698, lakini alituachia meza na bendera, na Mhispania naye husema mesa na bandera. Basi wiki nzima mazungumzo yangu ya usiku yakawa meza na bendera. Wenzangu wakaniona mtu wa fikra nzito.

Oktoba kiranja wetu akabandika orodha ya chakula cha Alhamisi, kila mtu na chake. Mbele ya jina langu: "papas".

Machozi yalinilenga, wallahi. Chini ya kitanda nilikuwa na kipande cha papa mkavu, mama kakifunga gazeti, mifuko miwili, na kanga kuukuu juu yake, nami tangu nifike naogopa kukifungua. Kumbe na hawa wanakula! Ile "s" ya mwisho haikunishangaza, nilijua ni wingi.

Nikampigia mama. "Shikamoo mama. Papa wako kapata wenyewe."

"Marahaba mwanangu. Mroweke, umtoe mchanga vizuri, usinitie aibu kwa watu."

Nikamroweka maji ya moto, nikambandika na tui la kopo, bizari na ndimu kwenye jiko la pamoja. Kwa asiyemjua papa mkavu: harufu yake haipiti, inahamia. Dakika kumi hazijatimia, mtu wa ghorofa ya nne kapiga simu kwamba gesi inavuja.

King'ora. Jengo zima nje kwenye baridi, mmoja na taulo, mwingine povu la shampuu kichwani. Zimamoto wakapanda na vipimo vyao vya gesi, wakashuka na sufuria yangu, aliyeibeba kanyoosha mikono mbele kama kapewa mtoto aliyejichafua.

Kiranja akaniuliza kwa Kihispania, sheria ni sheria, hiki nini?

"Papas."

Akachungulia. Akanitazama. Akachungulia tena.

"Papas ni viazi," akasema kwa Kiingereza, na ilikuwa saa moja na nusu usiku.

Aliyenifuta machozi ni mwalimu, mzaliwa wa Hispania. Kwao viazi huitwa patatas, akasema. Orodha angeiandika yeye, nisingekuwa na kesi. Akamwonja papa, akasema amemkumbusha bacalao, samaki wao wa chumvi. Akala sahani mbili, peke yake, maana ile meza ilikuwa imehamwa.

Alhamisi iliyofuata, pembeni ya neno "papas" kiranja alichora kiazi. Jina langu nililikuta chini kabisa, kwenye vikombe vya karatasi.