Marufuku ya Rambo Inavyosahaulika Kimyakimya

Wiki iliyopita muuzaji wa dagaa alinifungia kwenye kifuko chepesi cha nailoni, kisicho na nembo wala jina la mtengenezaji, na nilipomwambia kwamba nimekuja na kikapu changu, alishangaa. Mshangao wake uliniuma kuliko kifuko chenyewe.

Tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea, maarufu kama rambo, ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, wengi waliamini kwamba biashara ndogondogo zingekwama. Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008, na Kenya mwaka 2017 kwa adhabu kali kuliko yetu, lakini hofu haikupungua. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla mwenye bucha, mama ntilie na machinga hawajapata namna: vikapu vya ukili vilirudi mikononi, mifuko mbadala ikauzwa kila kona, na aliyesahau wake nyumbani akanunua mwingine bila kulalamika sana.

Sidhani kwamba tulizoea kwa sababu ya mahubiri ya mazingira. Tulizoea kwa sababu rambo liliondoka kwa wote siku moja, supamaketi na kwenye meza ya nyanya, kwa hiyo hakuna muuzaji aliyepoteza wateja kwa kutii, wala mteja aliyekuwa na duka jingine la kukimbilia. Usawa huo ndio uliojenga mazoea, na ulipolegea, mazoea nayo yalianza kubomoka. Nakubali kwamba vifungashio vya dawa na vya pembejeo za kilimo ilibidi viruhusiwe. Lakini vifuko vinavyoitwa vifungashio viligeuzwa vibebeo, mmoja akaanza, jirani yake akaona wateja wanahama, naye akafuata. Leo hakuna anayegeuka kutazama. Uvunjaji wa sheria nao umezoeleka, tena bila tangazo lolote, huku mitaro yetu ikiziba kila masika.

Kumkamata mama wa mchicha, ambaye mtaji wake wa siku huenda haufiki hata faini ya chini kabisa, yaani shilingi 30,000, ni kumwonea. Vifuko hivi vina watengenezaji, waagizaji na maghala ya jumla, na ukaguzi unapaswa kuanzia huko, wiki hii, kabla watoto waliozaliwa baada ya 2019 hawajakua wakiamini kwamba hapakuwahi kuwa na marufuku.