Kocha aliyeomba kochi, akaletewa taa

Desemba 2010 nilikuwa Kigoma, na usiku wa fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kibanda umiza cha pale Mwanga kilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. TP Mazembe ya Lubumbashi na Inter Milan. Siku nne kabla, Mazembe walikuwa wamewachapa Internacional ya Brazil 2-0, na kipa wao Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka kwa makalio uwanjani. Watoto wa mtaani walikuwa bado wanamwigiza kwenye vumbi huku mama zao wakiwafokea kwa ajili ya kaptula. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali ile kabla yao. Wakongo waliovuka ziwa na biashara zao walikaa mbele kabisa, na sisi wengine, Simba kwa Yanga, usiku ule wote tulikuwa Kunguru wa Lubumbashi.

Kufika dakika ya 17 shughuli ilikuwa imekwisha. Pandev, kisha Eto'o, tena Mwafrika mwenzetu. Biabiany alipoweka la tatu mwishoni, nusu ya kibanda walikuwa wameshaenda kulala.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa sokoni, nikakutana na mzee mmoja wa Kikongo aliyekuwa anauza migebuka. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Inter wamemtimua kocha wao, Rafael Benítez. Mzee akanishika mkono, mkono wenyewe una magamba ya samaki, akaniuliza: "Ndugu, ule alitupiga tatu. Sasa wanamufukuza juu ya nini?"

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia Wazungu wana mambo yao, nikanunua samaki wangu nikaondoka. Ila swali lile limekaa nami, na kila Benítez anapohama nyumba, na amehama nyingi, huwa linanirudia.

Jibu la haraka ni kwamba alishindwa kunyamaza. Usiku uleule wa ubingwa, badala ya kubeba kombe akapande ndege, alikwenda mbele ya waandishi akamtajia tajiri wake, Massimo Moratti, mambo ya kuchagua: aongezewe wachezaji, au kama hamtaki, mpigieni wakala wangu tuzungumze. Tajiri akachagua. Tarehe 23 Desemba Benítez hakuwa na kazi. Mtu umetoka kuwa bingwa wa dunia, na Krismasi unaila nyumbani.

Kumwelewa vizuri inabidi turudi Valencia, mwaka 2003. Benítez alikuwa ameomba mchezaji wa aina fulani, uongozi ukamletea kiungo kutoka Uruguay, Fabián Canobbio. Akasema maneno ambayo Wahispania wanayarudia mpaka leo: alikuwa anangoja kochi, wamemletea taa. Kwa Kiswahili inanoga zaidi, maana kocha kuomba kochi ni kama vile mtu alitutungia sisi. Na mimi nasema maisha yote ya huyu bwana yamo kwenye sentensi ile. Kila alikokwenda alitazama sebule, akahesabu viti, akasema hadharani ni vingapi vinakosekana. Hesabu yake mara nyingi ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba aliipigia kelele barazani, wageni wa mwenye nyumba wakisikia.

Ajabu yenyewe ni kwamba alianza kama mtu ambaye hakuna ambaye angempa hata kigoda. Alizaliwa Madrid mwaka 1960, akalelewa katika timu za vijana za Real Madrid, goti likamharibia mambo mapema, akasomea elimu ya viungo chuo kikuu. Ukocha wake wa wakubwa ulianza vibaya kuliko wa mtu yeyote ninayemjua aliyekuja kuchukua Ligi ya Mabingwa. Valladolid, mechi 23 za ligi, alishinda mbili. Osasuna, mechi tisa, alishinda moja. Kwetu hapa mtu wa rekodi hiyo angeambiwa arudi kufundisha shule ya msingi. Yeye akaenda Extremadura, timu ya mji mdogo wa Almendralejo, akaipandisha ligi kuu mwaka 1998, ikashuka mwaka uliofuata. Akakaa pembeni mwaka mzima akizunguka Uingereza na Italia na daftari lake, akitazama wenzake wanavyofanya mazoezi. Akarudi akaipandisha Tenerife mwaka 2001.

Ndipo Valencia wakamchukua. Hakuwa chaguo lao la kwanza. Walikuwa wametoka kupoteza fainali mbili mfululizo za Ligi ya Mabingwa chini ya Héctor Cúper, na walikuwa na miaka 31 bila ubingwa wa Hispania. Rafa akawapa huo ubingwa msimu wake wa kwanza, na mwaka 2004 akawapa mwingine pamoja na Kombe la UEFA. Misimu yote miwili ya ubingwa walifungwa mabao 27 tu katika mechi 38. Real Madrid ile ilikuwa na Zidane, Figo na Raúl, kisha na Ronaldo. Valencia walikuwa na Ayala, Albelda, Baraja na mpangilio. Sina takwimu ya kupima mpangilio, lakini ukiiangalia timu ile hata leo utaona mabeki na viungo wanasogea kama wamefungwa kamba moja. Mmoja akienda kushoto, wote wanakwenda.

Halafu Liverpool, na kwa Liverpool kuna Istanbul, na hapo ndipo mimi na mashabiki wengi wa Majogoo tunapoachana.

Mei 25, 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa, mapumziko, AC Milan 3, Liverpool 0. Watu wanakumbuka dakika sita za kipindi cha pili, Gerrard, Šmicer, Alonso, ikawa 3-3, na mikono ya kipa Dudek mbele ya Shevchenko wa Milan, mpaka kombe likaja kwa penalti. Mimi nakumbuka yale yaliyosimuliwa baadaye na wachezaji kuhusu chumba cha kubadilishia nguo. Benítez, Kiingereza chake kikiwa bado cha kuokoteza, amesimama kwenye ubao. Amemwambia Djimi Traoré avue, zamu yake imekwisha, na Traoré ameshavua viatu. Mara daktari wa viungo anakuja kusema Steve Finnan hawezi kuendelea. Basi Traoré anaambiwa avae tena, kiungo mkabaji Hamann anaingia badala ya Finnan, mabeki wanakuwa watatu. Traoré huyo aliyekuwa njiani kwenda kuoga akaja kuokoa mpira kwenye mstari wa goli kipindi cha pili.

Mashabiki wanakiita kile kipindi muujiza wa Rafa. Kwangu mimi lilikuwa kosa la Rafa lililosahihishwa na Rafa, kwa msaada wa msuli wa Finnan. Hamann alipaswa kuanza tangu mwanzo. Kumwacha nje dhidi ya Kaká kulikuwa kucheza kamari. Sisemi hivi kumshusha. Kocha anayeweza kukiri kosa ndani ya dakika 15, mbele ya wachezaji walionyong'onyea, ana moyo. Ila Istanbul ilimfanya aonekane mtu wa mikosi na bahati, mtu wa usiku mmoja, na kuanzia hapo kila tajiri wa Ulaya akamtaka kwa ajili ya usiku wa namna ile. Ufundi wake wa kweli ulikuwa ule wa Valencia, wa Jumapili hadi Jumapili.

Alipokaribia kuurudia ilikuwa msimu wa 2008/09. Pointi 86, alipoteza mechi mbili tu, ndani ya wiki moja ya Machi akaifunga Real Madrid 4-0 na Manchester United 4-1 huko huko Old Trafford. Bado United wakachukua ubingwa kwa pointi 90. Na Januari ya msimu huo, wakati Liverpool wanaongoza ligi, alichomoa karatasi mfukoni mbele ya waandishi na kuanza kumsomea kocha wa United, Sir Alex Ferguson, mashtaka, moja baada ya jingine, kama karani wa mahakama. Kesho yake wakatoka sare ya 0-0 na Stoke. Sisemi karatasi ndiyo iliyowakosesha ubingwa. Nasema mtu anayeongoza ligi hachomoi karatasi.

Kosa lake kubwa pale, kwa maoni yangu, lilikuwa jingine kabisa. Mwaka 2008 aliishiwa hamu na Xabi Alonso, akataka kumuuza ili amchukue Gareth Barry. Barry hakuja, Alonso akabaki, akacheza msimu bora kabisa, lakini moyo wake ulikuwa umeshahama. Agosti 2009 akaenda Real Madrid. Akaletwa Aquilani akiwa mgonjwa, Liverpool wakamaliza wa saba. Mtu huyuhuyu aliyelia kwamba hana kochi, alikuwa na kochi sebuleni na akalipigia mnada. Kwa hili simtetei.

Baada ya Inter na yule mzee wa migebuka, Chelsea wakampa kazi Novemba 2012. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Rafa iliandikwa kabisa kwenye cheo: kocha wa muda. Mashabiki hawakumsamehe kwa maneno aliyowasema akiwa Liverpool, wala kwa kukaa kwenye kiti cha Roberto Di Matteo aliyewapa Ligi ya Mabingwa miezi sita nyuma. Mabango, zomea zomea, kila mechi. Akawapa Ligi ya Europa kule Amsterdam, kichwa cha Ivanović dakika za nyongeza, wakamaliza nafasi ya tatu, akachukua begi lake. Naheshimu sana miezi ile. Kufanya kazi vizuri katika nyumba ambayo watoto wanakutemea mate kunahitaji ngozi ya kifaru.

Napoli aliwapa Coppa Italia na Supercoppa ya Italia mwaka 2014. Real Madrid, nyumbani kwao, alilia machozi siku ya kutambulishwa, Juni 2015, na Januari 4, 2016 walikuwa wameshamtimua. Alifungwa 4-0 na Barcelona mbele ya watu wake. Kisha kwenye Copa del Rey, Kombe la Mfalme la Hispania, dhidi ya Cádiz akampanga Denis Cheryshev aliyekuwa na adhabu, klabu ikaondolewa mashindanoni. Aliyemrithi alikuwa Zidane, na Mei Zidane akabeba Ligi ya Mabingwa. Ukitaka ushahidi kwamba Rafa hafai kwenye nyumba zenye makochi ya kila rangi, ni huo. Wachezaji wa namna ile hawataki kuelekezwa pa kuweka mguu, na yeye hajui kufundisha kwa njia nyingine.

Sasa njoo Newcastle. Machi 2016, timu inazama, mechi 10 zimebaki. Ikazama kweli. Siku ya mwisho, wameshashuka daraja, wakaifumua Tottenham 5-1, na uwanja mzima wa St James' Park ukaimba jina la kocha aliyeshuka nao ukimwomba abaki. Sijawahi kuona jambo kama lile. Mtu aliyekuwa Real Madrid miezi minne nyuma akakubali kubaki daraja la pili, akaenda kugombana na akina Burton na Rotherham, akalichukua kwa pointi 94. Msimu uliofuata wakamaliza wa 10 kwenye Ligi Kuu.

Na kule ndiko alikokuwa na haki zaidi ya kulalamika. Rekodi ya usajili ya Newcastle ilikuwa ya Michael Owen, ya mwaka 2005. Haikuvunjwa hadi Januari 2019 alipokuja Miguel Almirón. Zaidi ya miaka 13! Mmiliki, Mike Ashley, hakuwa analeta hata taa. Alikuwa analeta kiberiti. Lakini siku mbili kabla Almirón hajatangazwa, Manchester City ya Guardiola ilikuja St James' Park, Agüero akafunga kabla hata sekunde 30 hazijatimia, na wale mafundi wa kawaida, Rondón na Ritchie, wakaigeuza ikawa 2-1. Mabeki wanasogea pamoja, viungo wanasogea pamoja, ile kamba ya Valencia. Siku hiyo ndiyo ningempeleka mtu akiniuliza Benítez ni nani. Istanbul aende mwenyewe.

Juni 2019 mkataba ukaisha, hawakuelewana, akaondoka. Yaliyofuata hayanipi raha kuyaandika. Dalian huko China, kwa fedha ambazo hakuzificha, mpaka korona ikamrudisha. Everton mwaka 2021, mahasimu wa Liverpool wa mji uleule, klabu aliyowahi kuiita ndogo, uamuzi ambao hata shemeji yako asiyejua mpira angekukataza. Familia yake ilikuwa inaishi jirani, akataka kulala nyumbani. Ilidumu hadi Januari. Celta Vigo, Machi 2024 tayari yuko nje.

Oktoba 2025 akaibukia Ugiriki, Panathinaikos, akiwa na miaka 65, msimu umeshaanza na kikosi kimepangwa na mtu mwingine. Niliposikia nilicheka peke yangu, nikatazama kalenda ya ukutani na kuhesabu wiki zilizobaki kabla dirisha la usajili la Januari halijafunguliwa.