Matundu mengi si mafuta mengi

Kuna mwandishi anayesema mwamba wa chokaa ukiwa na matundu mengi, mafuta yatatoka tu. Si hivyo jamani. Tazameni Yibal, eneo la visima vya mafuta kule Oman: tabaka lake la chokaa, liitwalo Shuaiba, lina matundu tele, lakini ni madogo mno na njia zinazoyaunganisha ni finyu, mafuta yanajikokota. Halafu mwamba huohuo una nyufa, maji hupita humo mbio na kuyatangulia mafuta kisimani. Miaka ya 1990 vilichimbwa visima vingi vya mlalo, yaani vinavyolala ndani ya mwamba badala ya kushuka wima tu, uzalishaji ukapanda, kisha ukaporomoka. Tuliokulia Unguja tunalijua jiwe la matumbawe, nalo ni chokaa: hapa gumu, shubiri moja pembeni mashimo matupu. Sasa kipande kimoja cha mwamba kilichopimwa maabara kitakuambia nini kuhusu kilomita nzima?