Mshahara wa dola 26 na gharama halisi ya jinzi

Kila Mei Mosi, Kenya na Tanzania, hoja ni ileile: mshahara ukipanda, viwanda vitahamia kwenye nchi yenye mishahara midogo zaidi. Hoja hiyo ilishapimwa Hawassa, kusini mwa Ethiopia. Eneo la viwanda lilipofunguliwa huko mwaka 2016, mshonaji alianza kwa takriban dola 26 za Marekani kwa mwezi, na sekta binafsi haikuwa na kima cha chini kisheria. Bangladesh, tangu Desemba 2018, kima cha chini cha viwanda vya nguo kilikuwa taka 8,000 (sarafu ya huko), karibu dola 95. Hata hivyo oda kubwa zilibaki Bangladesh.

Mnunuzi halipii saa alizokaa mshonaji kwenye cherehani, analipia nguo iliyokamilika. Ndiyo maana kila nguo hupangiwa dakika sanifu: muda ambao mshonaji mzoefu angeutumia kuimaliza. Zidisha nguo zilizotoka kwa dakika hizo, gawanya kwa dakika zote zilizolipwa, utapata ufanisi wa laini, yaani kundi la washonaji wanaopokezana nguo moja hadi ikamilike. Laini ya washonaji 40, kila mmoja dakika 480 kwa siku, ikishona nguo ya dakika 20, ingetoa nguo 960 kwa ufanisi kamili. Sasa kama kazi ya kushona mkanda wa kiuno ina mtu mmoja anayechukua dakika 1.2 kwa kila nguo, hazipiti zaidi ya 400 kwa siku, hata wenzake 39 wawe hodari namna gani. Ufanisi unagota asilimia 42, na mshahara wa wote 40 unalipwa uleule.

Tufanye hesabu ya jinzi ya dakika 20, kwa siku 26 za saa nane, yaani dakika 12,480 kwa mwezi. Tuchukulie Ethiopia inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 40, yaani jinzi 250 kwa kila mshonaji kwa mwezi, na Bangladesh asilimia 60, yaani jinzi 374. Kwa mshahara peke yake, Ethiopia bado ni rahisi: senti 10 za dola kwa jinzi dhidi ya senti 25. Wanaotetea mishahara midogo husimamia hapa, na hesabu yao haina kosa. Imekatishwa tu kabla ya mwisho. Kila cherehani ina kodi ya jengo, umeme, riba ya mkopo, fundi wa mashine, msimamizi, mara nyingi na mtaalamu kutoka nje. Tuseme gharama hizo ni dola 150 kwa kila mshonaji kwa mwezi, nchi zote mbili. Ethiopia inafika senti 71 kwa jinzi, Bangladesh senti 65. Kodi ya jengo haijali kama umetoa suruali 250 au 374.

Ufanisi wa Hawassa ulikuwa mdogo kwa sababu gani? Sehemu kubwa ya jibu ni mshahara wenyewe. Dola 26 hazikutosha chumba na chakula kwa binti aliyetoka kijijini, na miaka ya mwanzo viwanda vilikuwa vikibadilisha karibu wafanyakazi wote ndani ya mwaka mmoja. Kiwanda kinafundisha, mkono unaanza kuzoea, mtu anaondoka, kinaanza upya. Katika mfano wetu, mshahara ukifika dola 50 na ufanisi ukapanda hadi asilimia 50 tu, jinzi inashuka hadi senti 64.

Waajiri nao wana hoja ya kweli, na vyama vya wafanyakazi huipita haraka mno. Nyongeza hurudisha faida pale tu ufanisi unapoangushwa na watu kuacha kazi. Kitambaa kikikwama bandarini, umeme ukikatika, au oda zikiwa ndogo kiasi kwamba mtindo unabadilika kabla mikono haijauzoea, mshonaji wa dola 200 atakaa bure sawa na wa dola 26, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Kuna pia mambo yasiyotoka kiwandani kabisa. Januari 2022, kufuatia vita vya Tigray, Ethiopia iliondolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2000 wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Ushuru wa kawaida wa Marekani kwa suruali za pamba ni asilimia 16.6; kwa jinzi ya dola 8 hiyo ni dola 1.33, karibu mara mbili ya gharama yote ya kushona tuliyoipiga hapo juu. Sarafu nayo inafanya yake. Mshahara wa shilingi 20,000 za Kenya ulikuwa dola 125 Januari 2024, dola moja ilipofika shilingi 160. Shilingi iliporudi karibu 130, mshahara uleule ukawa dola 154 kwa mwajiri anayeuza kwa dola, bila mfanyakazi kuongezwa hata senti.

Kwa hiyo mwajiri anayesema mshahara umemshinda aombwe kwanza takwimu tatu: ufanisi wa kila laini kwa wiki, walioacha kazi kila mwezi, na saa ambazo cherehani zilisimama kwa kukosa kitambaa au umeme. Wanaoacha wakiwa wengi, mazungumzo yaanzie kwenye mshahara. Saa za kusimama zikiwa nyingi, yaanzie kwa meneja wa ununuzi, bandari na shirika la umeme, kwa kuwa nyongeza peke yake hapo haitaokoa ajira hata moja.