Bronx si Sinza: usimpe mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu

Mtu aliyewahi kupanga Sinza au Kimara, Dar es Salaam, hashtuki akidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza akifika New York. Akitafuta nyumba Bronx akaambiwa alete miezi mitatu, anaona kapunguziwa. Kumbe sheria ya jimbo ya 2019 ilishafunga mlango huo: dipoziti, yaani hela ya dhamana unayorudishiwa ukihama, haivuki kodi ya mwezi mmoja. Siku ya kusaini unatoa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, hakuna cha "mwezi wa mwisho". Ada ya kukagua ripoti yako ya mikopo, yaani rekodi ya unavyolipa madeni, haizidi dola 20, na nakala ya ripoti hiyo ni haki yako.

Ya dalali nayo imebadilika. Tangu 11 Juni 2025, aliyemwita dalali ndiye anayemlipa. Dalali aliyetangaza nyumba kwa ruhusa ya mwenye nyumba hana chake kwako. Ukiona katikati ya fomu kuna ukurasa unaosema wewe ndiye uliyemwajiri, usiusaini, hata kama foleni ya wanaoitaka nyumba imefika kwenye ngazi.

Kigingi kingine ni kipato. Wenye nyumba wengi wanataka kipato chako cha mwaka kifike mara 40 ya kodi ya mwezi, kwa hiyo nyumba ya dola 2,000 inadai 80,000. Asiyefikisha hutafuta mdhamini, naye huulizwa mara 80. Hapo ndipo mgeni hushawishika kujitolea mwenyewe kulipa miezi mingi mbele ili kuziba pengo. Naona ni kosa kubwa. Hela ikishaingia mfukoni mwa mwenye nyumba, bomba likipasuka utamshika na nini?

Halafu kuna matangazo ya "mwezi mmoja bure". Kodi ni 2,400. Mwezi mmoja ukifutwa, wastani wa miezi 12 unakuwa 2,200, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa. Mkataba unasema 2,400, na mwaka ukiisha nyongeza huanzia hapo.

Lakini wapangaji wengi hukagua jiko na sakafu, kisha hulia Januari, baridi ikikaza. Kagua jengo kwanza. Tovuti ya HPD, idara ya nyumba ya jiji, inakubali anwani yoyote na kukuonyesha malalamiko na makosa yaliyoandikishwa. Tafuta daraja C, yaani hatari ya haraka. Kukosa joto na maji ya moto kumo humo. Kosa moja la zamani lililofungwa si kitu. Makosa ya joto yanayojirudia kila msimu wa baridi yanamaanisha boila mbovu, ule mtambo wa kupasha jengo joto, au mwenye nyumba mbahili, na vyote viwili vitakugandisha. Jina la mmiliki lipo kwenye ACRIS, daftari la hati za jiji. Kama anayekuomba hela hatajwi humo wala hana barua ya kampuni inayotajwa, ondoka.

Ukiwa ndani, fungua maji ya moto uyaache dakika mbili. Tazama rejeta, lile chuma lenye mbavu chini ya dirisha linalopasha chumba joto kwa mvuke. Kama lina bomba moja tu, vali yake huwa wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ikiachwa nusu, maji hunaswa ndani, na usiku kucha chuma kinagonga kama kuna fundi ukutani. Sauti hiyo hutibika. Rejeta isiyopata mvuke kabisa ni kesi nyingine.

Msimu ambao mwenye nyumba lazima akupe joto ni 1 Oktoba hadi 31 Mei. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, nje kukiwa chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, ndani pasipungue 68, kama 20 za Selsiasi. Usiku pasipungue 62. Nunua kipimajoto, andika saa na nyuzi, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, ndipo upige 311, simu ya malalamiko ya jiji.

Jengo lenye apatimenti sita au zaidi, lililojengwa kabla ya 1974, mara nyingi lina kodi iliyodhibitiwa, yaani nyongeza yake imewekewa kikomo. Ukishaingia, omba historia ya kodi ya nyumba yako kwa idara ya jimbo, DHCR; ni bure.

Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, na ndani ya oveni pia. Siku ya kutoka, mwachie mwenye nyumba anwani yako mpya kwa maandishi. Ana siku 14 za kukurudishia dipoziti pamoja na orodha ya alichokata, kipengele kwa kipengele. Zikipita bila orodha hiyo, anapoteza haki ya kubakiza hata senti.